Nani Alikufundisha?

Machi 9

Tumefika kwa mama mkwe, nje kidogo ya Silibwet, mvua ikiwa imeshaanza. Binti yangu Nelvine alilala njia nzima kutoka Kericho. Alipoamka getini alisema, "Hapa kuna ng'ombe ya pembe moja." Kweli yupo. Mtoto hajafika hapa tangu tulipomzika mama yake Agosti mwaka jana, na wakati huo alikuwa hajafikisha miaka minne.

Nimekuja kukaa msimu huu wa mvua. Gazeti linataka habari za chai kutoka Bomet, na mimi ndiye mwandishi wao wa pande hizi. Hiyo ndiyo sababu niliyompa mhariri. Sababu ya pili ni kwamba Chepkirui, mke wangu, alikuwa akimleta mtoto kwao kila likizo, wanakaa hapa bila mimi. Kama kuna kitu alichomwachia, kiko hapa. Nataka kujua ni kipi, na kama Nelvine anajua kimetoka kwa nani.

Nalala kwa shemeji yangu Kipkemoi, nyumba ya chini. Mtoto analala na nyanya yake, ambaye sote tunamwita Kogo, kama Wakipsigis wanavyomwita nyanya. Jiko limejengwa peke yake, ng'ambo ya uwanja. Mimi siingii humo. Kwetu Kisii mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe, na Kogo hajawahi kunikaribisha. Ndoa nzima nimekula chakula cha jiko hilo bila kuliona kwa ndani.

Machi 11

Mvua. Nelvine ameanza chekechea. Hakulia.

Machi 14

Nilikuwa barazani nikiandika habari ya barabara za kupelekea majani kiwandani. Kogo alikuwa jikoni akitengeneza kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando. Kijiti cha mti wa senetwet huchomwa mpaka kiwe kaa, kikasuguliwa ndani ya kibuyu, ndipo maziwa yakatiwa humo kulala. Hayo nayajua kwa kusimuliwa. Ninachokiona mimi ni Kogo akitoka mlangoni, akikigeuzia kibuyu kwenye mwanga na kutazama ndani kwa jicho moja kuona kama kumekolea weusi wa kutosha.

Leo alitoka, akatazama, akarudi ndani. Nikasikia sauti ya Nelvine: "Kogo, bado. Haijanuka."

Kisha Kogo: "Hee. Kweli bado."

Mtoto alipokuja barazani mikono ilikuwa myeusi mpaka viwiko.

"Nani alikufundisha hiyo ya kibuyu?"

"Kogo."

Kogo akajibu kutoka ndani. "Mimi? Mimi nimemfundisha lini? Si mmekuja Jumapili?"

"Basi nani?"

Nelvine alifikiri. "Nilijua tu."

Kogo hukagua kibuyu kwa jicho. Mtoto alizungumzia harufu. Kwa hiyo si Kogo, na mimi siyajui mambo hayo. Amebaki mmoja. Chepkirui akitoka kwao, sweta yake ya kijani ilikuwa inanuka moshi huu siku mbili, tatu. Sikuwahi kumuuliza unatoka wapi.

Tangu tufike Kogo hajataja jina la binti yake hata mara moja. Naanza kuamini ni mwanamke wa moyo mgumu.

Jioni nilimwambia Nelvine, "Ile ya kibuyu, ni mama aliyekufundisha."

"Ni mama," alisema, akaomba mkate.

Machi 18

Daraja dogo la kwenda kiwandani limechukuliwa na maji. Nimetuma habari. Nelvine ameuliza kama mhariri ana mama. Nimesema kila mtu ana mama.

Machi 21

Nimekwenda kumchukua mtoto mapema, nikapata nafasi ya kuongea na Mwalimu Jerusa. Amefundisha chekechea tangu enzi za Kipkemoi. Ndiye aliyemfundisha kushika penseli. Nilimuuliza kama watoto wa umri huu hukumbuka vitu walivyojifunza wamevitoa wapi.

Alicheka. "Bwana Omosa, kaa hapo nyuma, uone."

Aliwaonyesha picha ya ndege mwekundu mwenye miguu mirefu. "Huyu anaitwa heroe. Semeni heroe." Wakasema. Hakuna aliyekuwa amewahi kulisikia jina hilo. Walilitamka kwa shida kama dawa chungu. Wakaenda kunywa uji. Waliporudi akainua picha tena.

"Heroe!"

"Vizuri. Mlijua hii lini?"

"Jana," alisema mmoja.

"Mimi nilijua tangu nikiwa mtoto," alisema mwingine, ambaye pua ilikuwa ikimtoka.

"Kwani sasa wewe ni nani?"

"Sasa niko nasari."

"Na nani alikufundisha?"

"Baba yangu."

"Baba yake ni fundi wa pikipiki pale senta," Jerusa aliniambia baadaye. "Heroe ameona wapi?"

Nelvine alikuwa ameketi dirishani. Alipoulizwa alisema, "Nilijua tu."

"Si uongo," mwalimu alisema tukiwa tumesimama nje chini ya mabati. "Mimi zamani nilikuwa nawachapa, nikidhani wananidharau. Kitu kinaingia, mlango unafungwa nyuma yake. Wakikaribia darasa la kwanza ndiyo wanaanza kukumbuka mlango."

"Huyu wangu aliachwa na mama kabla ya hapo."

"Najua." Alitazama mvua. "Vitu atakuwa navyo. Mwenye kumpa, hapo siwezi kukudanganya."

Kazini kwetu habari isiyo na chanzo haitoki. Nimeamua hivi: kila kitu kilichotoka kwa Chepkirui nitakirudisha kwake kwa jina, kila siku, mpaka kishike.

Machi 26

Kila jioni tunatazama video za mama kwenye simu. Zenye sauti yake ni chache. Katika moja anamenya viazi na kuniambia niache kupiga video.

Aprili 4

Sasa anajibu bila kusaidiwa. Nani alikufundisha kumpigia ndama mluzi? Mama. Nani alikufundisha kukunja leso kabla ya kulala? Mama. Nani alikufundisha kusugua miguu kwa jani la mkuyu? Mama. Shule zimefungwa, kwa hiyo nina muda naye mwingi. Nimekuwa nikingojea jibu hilo tangu Agosti, na limekuja.

Kipkemoi alikuwa akinoa panga karibu nasi. "Shemeji, unahoji mtoto kama gavana aliyekula pesa ya barabara."

"Gavana hujibu?"

"Huyu angalau anajibu! Nyinyi Wakisii, maswali mengi. Ndiyo maana mnakula ndizi mbichi, hamna subira ya kungoja iive."

"Tunazipika, Kipkemoi."

"Ndiyo hiyo. Hamna subira."

Kogo alipita na ndoo ya maziwa. Hakucheka. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akaendelea na safari yake.

Aprili 10

Mvua usiku na mchana. Majani ni mengi mpaka kituo cha kupimia kinafurika. Nelvine ana mafua.

Aprili 18, Ijumaa Kuu

Tulikuwa tumetoka kanisani. Saa nane na kitu wingu lilikuja kutoka upande wa Kaplong, jeupe chini yake, na Kipkemoi alipoliona aliacha chakula akaenda kusimama mlangoni. Kisha mabati yalianza kupiga kelele, mwanzo hapa na pale, halafu yote kwa pamoja, tukawa hatusikilizani. Kogo alifunika masikio ya mtoto kwa leso. Mvua ya mawe haikuchukua muda mrefu. Ilipokoma uwanja ulikuwa mweupe na jogoo alikuwa amekufa karibu na tangi.

Tulishuka shambani. Meza ya chai, yaani uso wa kijani wa michai uliokuwa umelala sawasawa asubuhi, ilikuwa vijiti. Majani yalikuwa chini, yamechanika, na harufu yake ilikuwa kali kama ya kiwandani. Kipkemoi alishika tawi moja, akaliachia. "Hapa hakuna kuchuma mpaka Juni," alisema. Jirani yake, Loice, mjane mwenye shamba linalopakana nao, alikuwa amekaa juu ya kikapu chake kilichopinduliwa. Nilimuuliza shamba lake limeharibika kiasi gani. Alisema, "Andika tu kwamba yote." Niliandika.

Nelvine hakuwa amewahi kuona mawe ya mvua. Aliuliza nani amemwaga chumvi. Nilichuchumaa nikamwekea moja mkononi. "Ni maji yaliyoganda huko juu," nilimwambia. "Likunje kwenye ngumi, litarudi kuwa maji." Alikunja. Alingoja, uso umekazana. Alipofungua, maji yalimtiririka mpaka kwenye mkono wa sweta, akapiga kelele ya furaha ambayo Kipkemoi aligeuka kuitazama. Hakuna mtu mwingine aliyecheka shambani leo.

Nimetuma habari na picha tatu. Mhariri ametumia ya Loice.

Aprili 19

Asubuhi mawe yalikuwa bado yamebaki nyuma ya zizi, kivulini. Nelvine alimshika Kogo mkono akampeleka kuyaona. Nilikuwa nyuma yao.

"Kogo, hiyo ni maji iliganda huko juu. Ukikunja kwa ngumi inarudi maji."

Maneno yangu ya jana, karibu neno kwa neno. Nikauliza kwa mazoea, nikijua jibu: "Nani alikufundisha?"

"Mama."

"Mama?"

"Eeh. Mama."

"Mlikuwa wapi?"

Alitazama huku na huku. "Hapa." Kisha akakumbuka vizuri zaidi. "Kwa simu."

Nilimuuliza nani alimfundisha kuvaa gambuti bila kukosea miguu. Kipkemoi alimfundisha wiki iliyopita, nikiwapo. Mama, alisema. Herufi N? Mama. Heroe? Mama. Alikuwa akijibu haraka, akinitazama mdomoni kuona kama nimeridhika.

Kogo alinigeukia. "Baba Nelvine," alisema. "Sasa mtoto anasema mama kama vile watu wanasema amina."

Nimekaa mahakamani miaka mingi nikiandika kesi. Namjua shahidi aliyefundishwa: hasiti, na jibu lake ni lile lile kwa kila swali. Nimewahi kuandika habari za hakimu aliyemfukuza shahidi wa aina hiyo kizimbani, na nikaona ni haki. Huyu wangu nimemfundisha mwenyewe, jioni baada ya jioni. Alipokuja hapa alikuwa na kitu ambacho hakukijua jina lake. Sasa ana jina moja kwa kila kitu, na mimi siwezi tena kutenganisha kile cha Chepkirui na kile cha simu, wala kile nilichomwekea mdomoni.

Baada ya chai Kogo alikuja barazani. Aliketi upande wa pili, mbali kidogo, kama inavyostahili. Tangu msiba hatukuwa tumeketi hivyo.

"Huyu akizaliwa tuliita majina ya wazee waliokufa," alisema. "Akapiga chafya kwa jina ya nyanya yangu. Kwa hivyo ndiye yeye. Watu wa hapa wakiona anajua kitu, wanasema ni yule mzee amerudi nayo."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi sijui. Nyanya yangu sikumwona." Alinyoosha leso magotini. "Unafikiri mimi sitaji mtoto wangu kwa sababu nimesahau?"

Ndivyo nilivyokuwa nimeandika hapa, au karibu na hivyo.

"Nikimtaja, nasikia ni mimi tu nimesema. Nataka nisikie atoke kwa mtu mwingine, bila kuvutwa. Hiyo tu."

Alisimama akaenda kukamua.

Aprili 20, Pasaka

Nimeifungia simu kabatini jioni. Nelvine aliitafuta kidogo, akaacha.

Aprili 28

Shule zimefunguliwa. Amefunga leso kichwani, fundo likiwa upande mmoja. Sikuuliza.

Mei 3

Amemwimbia ndama wimbo nisioujua. Kipkemoi naye haujui. Sikuuliza.

Mei 6

Nimeuliza. Amesema mama, akanitazama mdomoni.

Mei 7

Sikuuliza.

Mei 12

Nilikwenda hospitali ya Longisa kwa habari ya wauguzi. Nikapita nje ya wodi aliyolazwa Chepkirui. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa, "Sweta ya mtoto iko kwa kamba." Nina hakika na neno hilo. Lakini leo, nimesimama pale, nilishindwa kukumbuka kama aliniambia akiwa kitandani au kwenye simu siku iliyotangulia. Nilijaribu kumwona mdomo ukisema. Niliona kamba ya nguo na sweta, ambavyo vilikuwa nyumbani Kericho, na ambavyo yeye wala mimi hatukuwa tunavitazama.

Habari ya wauguzi imetoka ukurasa wa tisa.

Mei 19

Chai imeanza kuchipua. Vichipukizi ni vyekundu kidogo, laini, na Kipkemoi haruhusu mtu kuvigusa. Tulikuwa tukitembea kati ya mistari, mimi na Nelvine.

"Baba, huko mama yuko, anakumbuka mimi?"

Nilisema ndiyo. Sina chanzo.

Mei 25

Mvua nyepesi. Loice ameleta mayai. Amesema watu wa Sotik walimwona gazetini na kwamba nilimpiga picha akiwa na uso wa mtu aliyefiwa. Nikasema nilipiga uso uliokuwepo. Alicheka mpaka akashika mbavu.

Juni 1

Sikuuliza. Sijui tena kama kuna cha kuuliza. Simsikii akitaja mama, na simu haiulizii. Huenda nilichoharibu mwezi wa nne ndicho kilichokuwa cha mwisho.

Juni 8

Wamechuma leo, mara ya kwanza tangu mawe. Kipkemoi amerudi kutoka kituoni akiimba. Mhariri ananitaka Kericho. Tutaondoka Jumapili ijayo.

Juni 14

Kesho tunaondoka. Kogo alikuwa akitayarisha kibuyu cha sisi kubeba, na mvua ilikuwa imerudi, nzito, kama mwezi wa nne. Nilikuwa barazani na mabegi. Nelvine alitoka jikoni akakimbia uwanja mzima bila viatu.

"Baba, kuja unuse."

"Kilete hapa."

"Ni moto! Kuja."

"Mimi siingii huko, mama. Ni kwa Kogo."

Alinivuta kwa vidole viwili mpaka tukafika mlangoni. Nikasimama hapo, nusu yangu ndani ya mvua. Ndani kulikuwa na giza na moshi, na Kogo alikuwa ameketi kwenye kigoda, kibuyu magotini, amenipa mgongo. Hakugeuka. Nilitaka kurudi.

"Mwache baba yako aingie," alisema. "Mvua itampiga mbaya hapo."

Nikaingia. Ni jiko dogo. Mafiga matatu, rafu ya sufuria, vibuyu vinne vimeangikwa ukutani, benchi la mtoto. Nikasimama karibu na ukuta, nisiguse kitu.

Kogo alikiinua kibuyu kuelekea mlangoni, akatazama ndani kwa jicho moja. "Iko tayari."

"Bado kunusa," alisema Nelvine. Alikichukua kwa mikono miwili kama mtu aliyezoea, akaketi nacho kwenye benchi, akakikumbatia. Kisha alifumba macho yote mawili, akaweka pua mdomoni mwa kibuyu, akatulia hivyo. Alikaa muda. Shingo aliilaza upande kidogo, wa kushoto.

Mkono wa Kogo ulibaki hewani, pale pale alipokuwa amekiachia kibuyu.

Swali lilinijia mdomoni. Nikalimeza.

Mtoto alifumbua macho. "Sasa iko. Baba, wewe. Lakini ufumbe macho. Usipofumba hainuki."

Kogo aliongea bila kunitazama, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi. "Chepkirui alikuwa hivyo hivyo. Tangu mdogo. Nilikuwa nagombana na yeye kila siku. Namwambia kibuyu inaangaliwa, haiombewi." Alivuta kuni moja nje ya moto. "Hata shingo."

Nelvine hakugeuka kusikia jina hilo. Halikuwa linamhusu, alikuwa na kazi. Ningeweza kumwambia pale pale: umesikia, ni mama. Kogo alinitazama safari hii, na nadhani alikuwa akingoja kuona kama nitasema.

Nilichuchumaa mbele ya benchi, nikafumba macho.

Kwanza palikuwa na joto, kisha moshi, na chini ya moshi kitu kitamu kidogo kama maziwa ya jana. Kisha sweta ya kijani, mabega yake yakiwa na unyevu wa mvua, ameingia nyumbani Kericho na mtoto mgongoni, hajaweka mzigo chini. Nilikaa hapo zaidi ya ilivyohitajika kwa kazi ya kukagua kibuyu.

"Iko?" sauti ya Nelvine ilikuwa karibu kabisa na uso wangu.

"Iko."

"Umejuaje?" aliuliza. "Nani alikufundisha?"

"Nilijua tu," nikasema.